Tangi la Mama na Migomba ya Shangazi

Mvua ya kwanza ikidondokea mabati yaliyochomwa na jua, hutoka harufu ambayo siwezi kumweleza mtu asiyewahi kuinusa: vumbi, kutu, na kitu kama chungu kipya kinachotiwa maji. Nikiinusa tu, moyo hunienda mbio kama wa mtoto, nami narudi uani kwetu Pongwe, siku tangi la mama lilipopata maji.

Maji ya bomba kwetu yalikuja yalipotaka yenyewe. Mama alichoka kuyangoja, akajibana mpaka akanunua tangi jeusi la plastiki, akamwita fundi kufunga gata la kukingia mvua ukingoni mwa paa. Likakaa uani tupu, sisi watoto tukiligonga tumboni tusikie linavyolia, naye akilipangusa vumbi kama kabati la sebuleni. "Ya Mungu yanashuka safi," alikuwa akisema, "ya nini kuhangaika na machafu?"

Hayo machafu yalikuwa ya shangazi. Shangazi Mwanahamisi, dada yake baba, alikuja kwetu kutoka Mkwaja baada ya kuachika, na begi moja na jamvi. Alikulia kwenye visima vya maji ya chumvi, na kwake kumwaga maji ovyo ilikuwa kama kutupa wali. Ya kufulia yalikwenda kwenye migomba. Ya udhu aliyakinga kwa karai, akayapelekea asumini. Hata sisi alitusimamisha ndani ya beseni kubwa tuoge, tukicheka, naye akingoja mlangoni achukue maji yake. "Maji hayazeeki," alituambia, "hubadili kazi tu." Mama alinung'unika kwamba uani kunanuka sabuni kama kwa dobi, lakini ndizi hakuzikataa.

Mwaka ule masika yalichelewa. Mawingu yalipanda kutoka baharini, yakatuchungulia, yakapita zake kuelekea Maramba. Majirani wakaanza kumtania mama, wakimuuliza kama tangi lile ni la kufugia njiwa. Alicheka nao, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Uani hapakuwa na kibichi ila migomba ya shangazi.

Mchana mmoja ikaja. Upepo ulibamiza madirisha, kukawa kiza, na paa zima likapiga kelele hata hatukusikiana. Tulitoka mbio na chupi zetu. Mama alilishika bomba la kushukia maji akaligeuza pembeni, kwanza paa lijioshe. Maji mekundu yalipokuwa meupe, akalielekeza tangini. Tukabandika masikio: lilikuwa likinguruma! Nilifurahi kana kwamba tumenunua gari.

Mara gata likachomoka kwenye kona, na maji yote yakaanza kumwagika mchangani. Baba alikuwa kazini mjini. Mama akashika kichwa. Kabla hajasema neno, shangazi alikwishaburuta kinu chini ya upenu, akakipindua, akapanda, akalisukuma gata mahali pake na kulishikilia kwa mikono miwili. Maji yalimshuka viwikoni yakaingia ndani ya khanga, nasi tukampigia makofi.

Mama akamwambia, "Shuka wifi, utaugua."

"Niache, wifi. Ikipungua nitashuka."

Mama akavuta stuli ya jikoni, akapanda kando yake, akashika upande wa pili. Wakasimama hivyo, wanawake wawili ambao hawakuwa wakikaa jamvi moja ila wakati wa kula, wakicheka hata machozi hayakujulikana na mvua. Mmoja alipoteleza, mwenzake alimdaka, wakacheka upya.

Mvua ilipotulia, tangi lilikuwa limepita nusu. Mama alimletea shangazi khanga kavu, kisha akamtia kata mkononi.

"Teka wewe kwanza, wifi. Upike, uoge, upendavyo. Haya ni yako."

Shangazi aliigeuza kata ile mkononi, akainama, akateka.

Mimi nilidhani mama anamshukuru kwa gata. Nilikuja kuelewa nilipoolewa, nikakaa miezi ya kwanza kwa wakwe zangu. Ni watu wema, hakuna aliyeninyima kitu, lakini kila nikitaka kuoga nilijikuta natia maji nusu ndoo. Ndipo nikakumbuka kwamba, tangu afike kwetu, sikuwahi kumwona shangazi akijitekea maji safi. Aliogea yaliyobaki kwetu, na pipa la ndani, tulimoweka maji ya bomba, aliligusa alipotumwa tu. Uchungu wa maji alikuwa nao kweli, kwa vile alikotoka, lakini aliogopa pia kuonekana mzigo kwa mke wa kaka yake. Sijui mama aliliona hilo zamani au aliliona siku ile juu ya stuli. Alilisema kwa namna aliyoweza.

Migomba haikuachwa, maji ya kufulia yaliendelea kuifuata kila jioni. Ila tangu mvua ile shangazi alijaza ndoo pomoni, ikamchuruzikia njia nzima hadi bafuni, na sisi uani tukamsikia akijimwagia bila haraka, akiimba.