Udongo kutoka kwa Mama Mdogo

Mwaka ule niliporudi kuishi nyumbani, upande wa Sironga, nilipanda migomba ambayo haikukua. Haikufa pia. Ilibaki pale ilipo, majani yake membamba yakiwa na kingo za manjano, na kila asubuhi nilipotoka na kikombe changu cha chai niliikuta vilevile.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ndugu zangu wawili walikuwa na kazi zao mbali, na mimi kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kwa miaka mingi nilikuwa fundi wa maabara katika mradi wa utafiti wa mimea, kaunti nyingine. Ufadhili ulipokatika, tulikabidhi funguo, tukapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Sikuwa nimeolewa. Nilifungasha vyombo vyangu nikaja kukaa katika nyumba ndogo ya mama, ile ya udongo yenye jiko kando. Mbele yake ilisimama nyumba kubwa ya matofali ambayo kaka mkubwa aliijenga na kuifunga kufuli. Hakuna aliyelala humo tangu siku za matanga.

Ni matofali hayo yaliyoharibu shamba, ingawa kaka hakujua. Waliyafyatua palepale, kwenye kipande cha chini kinachoelekea mtoni. Walikwangua udongo wote mweusi wa juu ili waufikie ule mwekundu unaoshikana vizuri. Walipomaliza kuchoma matofali, kipande kile kilibaki kama kidonda. Ndicho nilichoambiwa nilime, kwa kuwa shamba la chai la juu lilishakodishwa.

Nilinunua miche ya ndizi iliyokuzwa kwenye maabara, kwa sababu migomba ya mama yote ilikuwa imepatwa na mnyauko ikang'olewa. Niliiwekea mbolea ya kupandia, nikaimwagilia, nikaisemesha hata. Nyumba yenye mtu mmoja humfanya mtu asemeshe vitu. Nilikuwa napika sima ndogo isiyojaza hata sahani, nakula nikisikiliza redio, na siku nyingine nilishtukia jua linazama na sijamwambia mtu yeyote neno. Nikienda sokoni waliniuliza nitarudi lini. Walimaanisha kule nilikotoka.

Siku moja niling'oa mche mmoja, nikasuuza mizizi yake, nikakaa chini kuitazama. Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa mizizi, na nilianza kushuku nilichopaswa kushuku tangu mwanzo. Mimea mingi tunayolima, migomba, mahindi, wimbi, maharagwe, haijilishi yenyewe. Ndani ya mizizi yake wanaishi kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Kuvu hao hutoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyuzi zinazotambaa udongoni mbali sana kuliko mzizi unavyoweza kufika, zikaleta maji na hasa fosforasi. Mmea nao huwalipa kwa sukari. Udongo wetu mwekundu huishikilia fosforasi kama mchoyo. Bila kuvu, mgomba mchanga huweza kuwa na njaa juu ya chakula. Miche yangu ilizaliwa ndani ya chupa safi isiyo na kuvu hata mmoja, na mimi nikaipeleka kwenye ardhi iliyochunwa ngozi.

Shule zilikuwa zimefungwa. Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani, mwanamke mpole anayekaa palepale shuleni, aliniruhusu nitumie hadubini yao. Nilichemsha vipande vya mizizi katika dawa ya kuondoa rangi, nikavitia wino wa kalamu uliochanganywa na siki, kama tulivyokuwa tukifanya kazini tulipoishiwa na rangi za maabara. Kuvu wakiwamo, hushika wino na kuonekana buluu. Nilisogeza kioo polepole kutoka upande hadi upande. Mizizi ilikuwa mitupu, safi kabisa.

Nilihitaji udongo wa migomba mizee isiyowahi kuugua. Karibu nasi palikuwa na shamba moja tu la namna hiyo, nalo lilikuwa la mama mdogo, mjane wa baba mdogo, ng'ambo ya ua. Tulikuwa hatujasemezana tangu matanga. Siku ukoo ulipokaa kuzungumzia mali, yeye ndiye aliyesimama akasema kwamba msichana hana boma la kurudia kwa baba yake. Alisema hivyo mimi nikiwa nimekaa pale, bado nimejifunga leso ya kilio.

Nilikawia wiki kadhaa. Kisha, Jumapili moja asubuhi, nikijua kwamba Sabato yake ya Jumamosi imepita na hana wageni, nilipita kwenye pengo la ua nikiwa na ndoo. Nilimkuta akichambua mboga za chinsaga mlangoni. Nilimsalimu kwa heshima, akaitikia bila kuinua macho. Nikamweleza shida yangu.

"Udongo," alisema. "Kila mtu hapa anataka udongo."

"Ni ndoo moja tu, Mama. Pamoja na mizizi kidogo. Sitaki shamba."

Kisha akajifuta mikono, akachukua jembe lake mwenyewe, akatangulia. Hakunipeleka kwenye migomba iliyo karibu. Tulishuka mpaka kwenye shina kubwa lililo katikati, lililozungukwa na machipukizi, giza na baridi chini yake hata saa nne ya asubuhi.

"Chimba hapa," akasema. "Hii alinipa mama yako, mwaka nilioolewa. Yake imekufa, hii iko."

Nilipiga magoti nikachimba.

Niliporudi kwenye hadubini na mizizi ile, buluu ilikuwa kila mahali. Nyuzi zilipita kati ya seli, na ndani ya seli zilijitawanya kama vijiti vya mti mdogo usio na majani. Nilimwita mwalimu aje aone. Aliinama akatazama, akasema ni kitu kizuri, akarudi kwenye nguo zake alizokuwa akianika. Nilibaki na picha ile peke yangu mpaka jua lilipohama dirishani.

Ndoo moja haitoshi shamba. Niliuchanganya udongo ule na mchanga niliouchemsha kwenye sufuria, nikaujaza katika mabeseni ya zamani yaliyotobolewa chini, nikapanda wimbi. Kuvu huzaliana wakiwa na mizizi ya kuishi ndani yake. Wimbi likikomaa, unalikata, unakatakata mizizi, na udongo wote ule unakuwa mbegu ya kuvu.

Mama mdogo alianza kuja kutazama. Alisimama kwenye pengo la ua, akaniambia kwamba nalima wimbi kwenye mabeseni kama mtoto anayecheza. Siku iliyofuata alikuja tena. Mwishowe akawa anakaa kwenye kigoda cha mama jioni baada ya kuchuma chai, tukinywa uji, tukizungumza habari za mvua na za magoti yake. Jambo la matanga hatukuligusa. Mara moja tu aliniuliza, akitazama kipande cha chini:

"Utakaa?"

"Nitakaa wapi kwingine, Mama?"

"Basi panda mpaka kwenye ua. Mtu akikuuliza, mwambie aje aniulize mimi."

Mvua ndefu zilipoanza nilipanda miche mipya. Nusu niliitilia mashimoni konzi mbili za udongo wa mabeseni pamoja na samadi. Nusu niliitilia samadi peke yake, ili nione kwa macho yangu. Mbolea ya dukani niliiacha, kwa kuwa ikizidi huwafanya kuvu wasihitajike. Baadhi ya miche ilikufa pande zote mbili. Lakini kufikia mvua za vuli, mtu aliyesimama barabarani angeweza kuonyesha kwa kidole mstari ulipo: upande mmoja majani mapana ya kijani kizito, upande wa pili migomba iliyonifika kiunoni.

Mama mdogo aliona mwanzo wake tu. Mguu wake ulivimba, na mwanawe anayefanya kazi Eldoret akaja kumchukua. Mwenyewe aliniambia ni kwa muda. Alinipa kuku wake wawili nimtunzie. Hajarudi mpaka leo, na mwanawe anasema daktari hataki apande milima. Mama mdogo hunipigia simu mara mojamoja. Mtandao hukatika, nami huzunguka uani nikitafuta mahali anaposikika. Huuliza migomba, kisha huuliza kama nimekula.

Mkungu wa kwanza nilimpelekea kwa gari la vifurushi. Alisema ndizi zilikuwa laini.

Krismasi kaka mkubwa alikuja na gari lake. Hakulala. Alitembea kati ya migomba na viatu vyake vizuri, akasifu, akauliza ni mbolea gani nimetumia. Nilianza kumweleza habari za kuvu, na za udongo uliokwanguliwa, na za mama mdogo. Simu yake ikalia. Alipomaliza kuongea alikuwa ameshafika kwenye gari, akaniahidi kwamba tutazungumza vizuri siku nyingine.

Siku hizi wanakuja wakulima kutoka mpaka Nyaramba kuomba udongo wa mabeseni. Mimi huwaonyesha jinsi ya kuutumia, huwapikia chai, nao huondoka mapema kabla mvua ya mchana haijanyesha. Nikishafunga lango huosha vikombe, kisha hushuka kipande cha chini kupunguza machipukizi. Kazi ni nyingi huko. Mgomba ukikubali, hauachi kuzaa.