Kijani Nyuma ya Kabati

Mwalimu Virginia, mjane wa Karanja, hakukataa kuita fundi wa rangi kwa sababu ya gharama. Alikataa kwa sababu fundi ana mdomo. "Akiingia hapa asubuhi," alimwambia bintiye Debra, "jioni Uthiru nzima itajua kwamba ukuta wa Mwalimu ulikuwa unabambuka kama kiazi cha kuchemsha."

Na wiki hiyo haikuwa ya kujulikana. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Bungoma kuzungumzia mahari ya Debra. Tangu Karanja afariki, nyumba haikuwa imepokea wageni wa uzito huo, na Virginia alishasikia watu wakisema kwamba nyumba isiyo na mwanamume huanza kuoza kwenye kuta. Aliapa wageni wataikuta iking'aa.

Basi akashuka Ngara, akanunua ndoo ya rangi ya krimu, rola na brashi. Mwenye duka alipoviona viatu vyake vya kanisani, akamuuliza fundi wake yuko wapi.

"Ndiye huyu unayemuuzia," akajibu.

Kwenye simu alikuwa ametazama video ya msichana mwenye kucha ndefu aliyemaliza sebule nzima bila kudondokewa na tone. Kama yule anaweza, aliwaza Virginia, mimi niliyefundisha hesabu mpaka nikastaafu nitashindwa na nini?

Ijumaa akafunga kitambaa kichwani, akavaa shati kuukuu la marehemu, akachovya rola.

"Mama, si tuparue ile ya zamani kwanza?" Debra aliuliza akiwa mlangoni.

"Tutaparua mpaka lini? Mpya hufunika ya zamani."

"Na kabati? Si tulisogeze?"

Kabati la vyombo lilikuwa la mvule, limejaa sahani za maua ambazo hazijawahi kuonja chakula. Kulisogeza kulitaka wanaume wanne, na wanaume wanne ni midomo minne.

"Nani huenda kwa watu akaangalia nyuma ya kabati? Mgeni huangalia mbele yake."

"Kwa hivyo unapaka ukuta rangi ama unaupaka poda?"

"Lete magazeti tutandike sakafu. Wacha maneno."

Akalizunguka kabati kwa brashi taratibu, kama mtu anayemnyoa mtoto aliyelala. Alipomaliza, sebule yote ilikuwa krimu. Kile kijani cha zamani, kijani cha wodi za hospitali, kilibaki nyuma ya kabati tu, na siri hiyo ilikuwa ya watu wawili.

Kesho yake shemeji yake Ephantus, mdogo wa Karanja na msemaji wa familia, alifika mapema, akasimama katikati ya sebule akizungusha macho.

"Mama Debra, fundi wako ni nani? Nami nimwite."

"Ana kazi nyingi," alisema Virginia, akificha kucha zenye krimu ndani ya leso.

Wageni walikuwa wamesema watakuja kumi. Walikuja karibu thelathini, tena wamechelewa. Ephantus akawafungia lango mpaka walipokubali faini ya mbuzi mmoja. Waliimba, wakabembeleza, wakakubali. Virginia, akichungulia dirishani, aliona heshima ya nyumba imeanza vizuri.

Lakini watu thelathini hawaenei pa kumi. Viti vilijaa na wazee wawili wakabaki wima. Ndipo Bramwel, baba mdogo wa bwana harusi na msemaji wa wageni, mtu wa kifua kipana na mzaha usioisha, akalitazama kabati.

"Hili nalo limekaa kama mkwe aliyetutangulia. Vijana, lisogezeni kidogo wazee waketi."

"Hapana!" Virginia alisema kwa sauti ya darasani. Lakini Lenox, bwana harusi mwenyewe, akitaka mama mkwe aone nguvu zake, alikuwa ameshalikamata na ndugu zake. Sahani zikalia. Kabati likasogea.

Ukutani pakatokea kijani, kikubwa kama mlango, kimetandwa na buibui. Debra alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakitetemeka, wala hakuwa akilia.

Bramwel akasimama, akakohoa.

"Wakwe zetu, sisi tulichelewa kidogo tu mkatutoza mbuzi. Naona kuna rangi iliyotoka huku dirishani na mpaka leo haijafika pale. Hiyo mtaitoza nini? Mbuzi wetu arudi!"

Wageni wakaangua kicheko. Ephantus akageuka kumtazama Virginia. Kwa desturi, akina mama hawaingilii mazungumzo ya mahari. Virginia aliitazama picha ya Karanja ukutani, akamwona naye kama anajizuia kucheka. Akaweka chini trei ya chai aliyokuwa ameibeba.

"Mzee Bramwel, mgeni huonyeshwa mbele ya kabati. Nyuma ya kabati ni pa watu wa nyumbani. Nyinyi mmeshapaona, na hamwezi kupaona mkabaki wageni. Sasa niambie, tangu lini mtu akaitoza nyumba yake mwenyewe faini?"

Vigelegele vilipasuka upande wa jikoni. Bramwel alijikuna kichwa.

"Afadhali hukuwa msemaji, mama. Tungerudi Bungoma bila viatu. Mbuzi abaki! Lakini mtu wa nyumbani hufanya kazi za nyumbani."

"Hilo ndilo nililokuwa nangoja mseme," alisema Virginia, akimtazama Lenox.

Jumamosi iliyofuata Lenox alikuja na msasa na ngazi. Alitoa sahani zote kabatini, akalisogeza na Ephantus, akaparua kijani mpaka saa ya chakula, akapangusa vumbi, ndipo akafungua rangi. Virginia alisimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Kazi ya dakika kumi hiyo, baba. Unaubembeleza ukuta?"

Lakini ilipokauka, sehemu ile ilikuwa laini kuliko sebule nzima. Kando yake, krimu ya Ijumaa ilikuwa imeshaanza kutoa malengelenge.

"Mama," Lenox alisema polepole, "na hizi kuta zingine?"

Virginia alitazama nje. Jirani alikuwa amesimama langoni, shingo amerefusha.

"Funga mlango kwanza," akasema. "Kisha uziparue zote."