Faini ya Nzisa

Ukitaka kumjua Nzisa haraka, jaribu kusukuma kiti chake cha magurudumu bila kumwuliza. Mimi nilijaribu mwaka nilioolewa huku Kilungu. Nilimkuta kando ya njia, nikashika mipini kwa wema wangu wote na kuanza kusukuma. Alivuta breki, akageuza shingo.

"Dada, mimi nimekuambia naenda wapi?"

Kumbe hakuwa anaenda popote. Alikuwa anaota jua. Tangu siku hiyo tumekuwa marafiki, na hadi leo huwasimulia wageni jinsi nilivyotaka kumwiba.

Kazi yake ni kufuma sweta za shule. Mashine yake iko barazani karibu na njia panda, kwa hiyo anamwona kila anayepanda na kila anayeshuka mlima, na kila mmoja hupata maoni yake apende asipende. Miguu yake haijawahi kumbeba, lakini mikono hiyo, ukisalimiana naye asubuhi utamkumbuka mpaka jioni.

Jambo moja tu lilimuuma, na wala hakulificha. Huku kwetu Jumanne ni siku ya mwethya. Watu wa mtaa mzima hukutana na majembe yao kwenye shamba la mmoja, wiki inayofuata kwa mwingine, mpaka wote wafikiwe. Ukichelewa unapigwa faini, na faini yenyewe ni maji. Unabeba mtungi uliojaa kuwapelekea wenzako kule juu wanakolima, nao wanakucheka njia nzima. Mimi nimepigwa faini. Mchungaji amepigwa. Nzisa peke yake hakuwahi kupigwa, kwa sababu hakuwahi kuhesabiwa. Walimlimia shamba lake kwa moyo safi kabisa, lakini kila alipoomba kazi jibu lilikuwa lilelile: "Wewe pumzika tu, mwaitu, mama yetu."

"Nimepumzika tangu nizaliwe," aliniambia siku moja huku akivuta uzi kana kwamba uzi ndio uliomkosea. "Nimechoka na hii kupumzika."

Nyuma ya kanisa letu palikuwa na kipande cha mteremko kilichomezwa na vichaka. Jumapili moja, wakati wa matangazo, Nzisa alijisukuma mpaka mbele na kukiomba. Alitaka bustani, akasema, na si bustani ya kuuza mboga. Alitaka bustani ya watu wanaoambiwa wapumzike: yeye mwenyewe, Mulei asiyeona, watoto wanaofichwa chumbani wageni wakija, na Musyimi, mwana wa Ndunge. Musyimi ni mtu mzima mwenye ndevu zake. Ana usonji, maneno yake ni machache, na kelele humuumiza kweli. Nzisa alitaka wapate mahali pa kushika udongo, pa kunusa kitu kizuri, na pa kukaa kimya bila mtu kuwauliza wana nini. Kanisa lilikubali kwa makofi mengi, na kwa sababu ya makofi hayo Musyimi akaziba masikio na kutoka mbio.

Kazi ilimwangukia Mulwa, mwenyekiti wa mwethya. Katika milima hii hakuna anayechimba mtaro wa fanya-juu kama Mulwa. Udongo wote anaurusha upande wa juu, ukingo unasimama wima, na mvua ikija haiondoki na chochote. Tulichimba kwa nyimbo, Jumanne baada ya Jumanne. Nzisa alipotaka kuja kuona aliambiwa asubiri, ataitwa bustani ikiwa tayari. Tulitaka kumfurahisha.

Siku ya kuitwa ilipofika, alikuja amevaa kitambaa kipya kichwani. Alisimamisha kiti pale chini, akatazama juu. Mtaro, ukingo, mtaro, ukingo, mpaka kileleni.

"Ni nzuri, Mulwa," akasema. "Sasa mtanipiga picha ya huko juu, nikuwe naangalia nikiwa nyumbani."

Mulei alipapasa mtaro wa kwanza kwa fimbo yake, akauliza kwa upole kama tumemchimbia kaburi mapema. Wallahi sijawahi kuona aibu kama ile, maana mimi pia nilikuwa nimechimba, tena kwa kujisifu. Tulikuwa tumetengeneza shamba bora kuliko yote Kilungu, na aliyeliomba hakuweza hata kuliingia.

Mulwa alikaa juu ya ukingo wake, akavua kofia. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Tulidhani analia.

"Asi!" akasema akifuta macho. "Watu wangu, tumejengea mbuzi!"

Jumanne iliyofuata tulianza kubomoa, na safari hii Nzisa alikuwepo, akitoa amri kama afande. Tukatengeneza njia pana inayopanda polepole, ikienda kushoto na kurudi kulia. Vitalu tukaviinua kwa mawe mpaka vikalingana na mapaja yake akiwa kitini. Tukafunga kamba kutoka kitalu hadi kitalu ili Mulei aifuate. Upande wa mbali na spika za kanisa tukapanda mchaichai ukazunguka benchi moja, na anayekaa pale hasemeshwi mpaka aseme mwenyewe. Hata mimi hukaa pale nikigombana na mume wangu.

Bustani ikapata siku yake kila wiki, na sheria zikawa zilezile za mwethya. Musyimi alijichagulia kazi. Alining'iniza rimu ya gurudumu kwenye mti, na saa yake ikifika huipiga mara moja, kwa upole, ili isimuumize. Ukiingia baada ya hapo anakuwekea mtungi mbele ya miguu bila kusema neno. Unashuka kwenye tanki la kanisa, unaujaza, unaupandisha hadi kitalu cha juu kabisa. Hakuna kubembelezana. Mulwa mwenyewe alishaubeba.

Basi ikanyesha mvua kubwa, na kiti cha Nzisa kikakwama kwenye tope. Alifika rimu imeshalia zamani, ametapakaa matope mpaka viwikoni. Sote tukaacha kazi na kuanza kumpa pole. Musyimi hakutoa pole. Alichukua mtungi, akauweka mbele ya kiti.

Ndunge, mama yake, alikaribia kuzimia. "Musyimi! Hapana huyu! Huyu ni wa kuhurumiwa!"

"Mimi nitabeba yake," Mulwa akasema akinyoosha mkono.

Musyimi akatikisa kichwa. "Amechelewa," akasema.

Nzisa aliutazama ule mtungi. Midomo yake ilitetemeka, nikajua leo tumemvunja rafiki yangu.

"Mulwa," akasema. "Toa mkono kwa faini yangu."

Aliteremka na kiti mpaka kwenye tanki, akaujaza, akaupakata mapajani. Akaanza kupanda. Maji yalimwagika, magurudumu yaliteleza, alipumzika kila kona akitutukana kwa Kikamba safi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kisha Mulwa akaanza kumcheka, kama sheria inavyotaka, na sote tukamfuata, tukamcheka mpaka juu. Nzisa alimimina maji kitaluni, akakumbatia mtungi mtupu, akalia waziwazi kwa furaha. Mimi nisiyelia hata harusini nililia pia. Musyimi alishakwenda kukaa kwenye mchaichai, maana tulikuwa tunapiga kelele.

Wiki iliyofuata niliwahi. Jua lilikuwa limekausha njia yote. Kwenye kona, nje tu ya ua wa bustani, nikamkuta Nzisa kitini, msafi, breki imevutwa, anakula ndizi taratibu.

"Umekwama?" nikamwuliza.

"Hapana."

"Basi twende, Musyimi anakaribia kupiga."

"Najua. Wewe tangulia."

Nilisimama nikimshangaa. Alimega ndizi tena, akatafuna, macho yakiwa kule kwenye mti. Rimu ikalia mara moja. Nzisa akafuta vidole kwenye kitambaa chake, akafungua breki.

"Haya," akasema, "sasa twende."

Ndipo nilipokumbuka kwamba na mimi niko nje ya ua.