Chapati Juu ya Pipa

Kila Jumanne mtafiti kutoka chuoni hufika mtaa wa Membley kupima chakula kinachotupwa. Huvua pete, akavaa glavu, akainama juu ya pipa akinong'ona kama anayebembeleza mtoto. Hata majani ya chai huyapima, kisha humsomea mama mwenye nyumba kila alichokikuta humo. Jumanne hii Katunge, mfanyakazi wa nyumbani, aliacha kufagia alipomwona akitoa chapati zilizofungwa kwa karatasi safi, zingali na joto.

“Hizi nazo, dada?”

“Ni za mzoa taka, madam. Mama hataki nimpe chakula. Akijua, atanifuta kazi.”

Mtafiti alizishika kidogo. Akazirudisha juu kabisa bila kuzipima wala kuziandika, akafunika pipa.

“Nyinyi mnapenda viazi,” alisema, akaendelea kupima maganda aliyokwisha kuyatoa.