Ukoo wa Neno Bosi

Mama alikuwa akimwita baba bosi. "Bosi, uji unapoa!" Naye akijibu kutoka kwenye migomba, "Bosi gani hana hata baiskeli?" Shamba lilikuwa juu huko Uluguru, kwenye mteremko mkali, na mama alililima tangu alipoolewa.

Baba alipofariki, kilichoninyima raha kilikuwa kimoja tu: mama ataachiwa shamba, au ataondolewa? Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Shamba la baba si la mkewe wala si letu watoto wake. Ni la ukoo wa mama yake, na baba akishaondoka, wenye kauli ni dada yake, yaani shangazi yangu, pamoja na wanawe. Nilijua hivyo tangu utotoni. Kujua hakukunisaidia kitu.

Baada ya mazishi niliteremka mjini, ninakoishi, kununua mchele wa matanga. Mpangaji mwenzangu, Mholanzi anayefundisha chuoni, akanipa pole. Nikamweleza jinsi mama anavyomlilia bosi wake. Akasema neno hilo limetoka kwao: wao husema baas, Waingereza wakalichukua, nasi tukalipata kwa Waingereza. Na kabla yenu? nikauliza. Akakuna kichwa. Hakuna mwenye hakika, akasema. Wapo wanaolihusisha na neno la kale la Kijerumani lenye maana ya shangazi, dada wa baba, na wapo wanaokataa katakata. Loo! Nilicheka kicheko kibaya. Wao wana bahati, bado wanabishana kama bosi ni shangazi.

Siku ya kuanua tanga, shangazi alikaa mkekani na mama, wote macho mekundu. Akamwambia kwa upole avune maharage yake, asiharakishe, kisha arudi kwao.

Nikaropoka. "Kwao wapi, shangazi? Kwa wajomba wamegawana hadi hakuna pa kupanda hata mgomba!"

Hakunikaripia. "Mwanangu, hata mimi nimeyakuta hivi." Nilimchukia siku ile, tena sana.

Mama akanishika mkono ninyamaze. Alikuwa akitazama kaburi la baba nyuma ya nyumba, udongo bado mbichi.

"Wifi," akauliza, "na mimi nikifa, mtanileta hapa?"

Shangazi alijifunika uso kwa kanga.

"Hapana, wifi. Utazikwa kwenu."