Pierogi za Wilondja

Ramani ya simu ilinizungusha mji wa Mesquite mara tatu kati ya maghala yanayofanana kama mayai, kisha ikanitupa mbele ya mlango nisioujua. Ukafunguliwa na jitu lenye unga mpaka kwenye nyusi.

"Karibu, ndugu. Usiniguse, leo mimi ni chapati."

Huyo ndiye Wilondja, Mbembe kwa kabila, mzaliwa wa Fizi, anayetunza wazee katika makao mamoja kule Mansfield. Huko kuna bibi wa Kipolandi, Halina, ambaye kwa siku nne alikuwa amegoma kula. Kijiko kikikaribia, anafumba mdomo. Chakula pekee alichokitaja ni pierogi za mama yake: vifuko vya unga wa ngano vyenye viazi na jibini ndani. Wilondja akaapa kumpelekea Jumapili hii, kabla zamu yake haijaanza saa tisa alasiri. Familia ingeonja kwanza, nami nilikuwa nimealikwa kuonja nao.

"Mwanaume wa Kibembe jikoni," mama yake Wilondja akalalamika kutoka kwenye kochi, "na mke yuko hapa, mzima, na mikono yake miwili."

"Mikono imepumzika, mama," akajibu Clarisse, mke wa Wilondja, bila kuinua macho kutoka kwenye simu. "Mwache Mpolandi wetu afanye kazi."

Halina alikuwa amemweleza vizuri: unga, yai, maji ya vuguvugu, kanda kwa mkono. Lakini Wilondja kalelewa akijua kwamba unga usiopigwa mwiko motoni ni unga mbichi, na kibichi huua wazee. Akachemsha maji, akamwaga unga, akasonga. Ukatoka bugali, ugali wa ngano, imara, wa kujivunia. Akaukata, akaujaza viazi na jibini, akautumbukiza kwenye maji yanayochemka. Baada ya dakika mbili, ukawa uji.

Binti yao Kethia akachungulia sufuria, akatangaza kwa Kiingereza kwamba baba amepika gundi.

"Saa saba na nusu, Papa Kethia," Clarisse akasema. "Fuata maneno ya yule bibi. Yeye ndiye mwenye njaa."

Wilondja akaanza upya na maji ya vuguvugu, akinung'unika kama mtu anayelazimishwa kuungama. Safari hii vifuko vikaelea, vizima. Akavimwagia vitunguu vilivyokaangwa kwa siagi. Mama akatwaa kimoja, akatafuna kwa makini, polepole.

"Haina pilipili, haina kitu cha kutafuna. Hata asiye na meno atameza tu."

"Ndiyo hiyo!" Wilondja akafunika bakuli. "Halina hana hata jino moja!"

Mlangoni nikamuuliza: na akifumba mdomo tena?

"Nitakula mbele yake, moja moja, mpaka anitukane. Mtu akitukana, njaa yake imeamka."

Akalifunga bakuli mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari, kama abiria, akaondoka kwa kasi ambayo polisi wasingeipenda. Nilikuwa bado nimesimama pale.

"Wewe mgeni," mama akaita, "ingia ufunge mlango. Unatoa baridi ya kiyoyozi chetu nje."