Vidole Kwenye Plasta, Simu kwa Mdomo

Niliteleza kwenye ngazi za ploti yetu ya kupanga, Gatongora, nikaangukia viganja, na mikono yote miwili ikavunjika kwenye vifundo vya viganja. Mimi ni fundi wa nguo. Hospitalini Thika walinifunga plasta hadi karibu na viwiko, vidole tu vikabaki nje. Daktari alisema mifupa itaunga, ila vidole vinaweza kukakamaa. Nilirudi nyumbani nikaitazama cherehani yangu, nikajiambia siiuzi.

Dada yangu mdogo alihama Mwiki akaja kukaa nami. Alinilisha, akaniogesha, na hakunung'unika hata siku moja. Lakini nikitaka kusoma kitu kwenye simu, ilibidi aache sufuria aje anibonyezee. Na swali lililonikosesha amani sikutaka alisikie: je, nitashona tena?

Siku moja akikunja nguo akasema, "Dada, si hizi simu siku hizi zinaongozwa na mdomo?"

Tulitafuta kwenye mipangilio ya simu mpaka tukaipata sehemu hiyo. Akaegemeza simu kwenye kopo la sukari, akaniachia. Ilielewa Kiingereza tu. Ukisema "show numbers", kila kitu cha kubonyeza kinawekewa nambari, nawe unataja unayoitaka. Shida ilikuwa ulimi wangu. Mimi Mkikuyu, l ikitoka kinywani mwangu inakuwa r. Nilisema "scroll down" ili ukurasa ushuke, ukakaa tu. Nikapaza sauti, ikafungua kamera, nikajiona nilivyonuna.

"Haiya! Unaigombeza?" dada akacheka kutoka jikoni.

"Itanisikia tu," nikamwambia. "Iwe leo, iwe kesho."

Kila alipoenda sokoni nilikaa na lile neno moja, nikilisema polepole, ulimi nikiugusisha nyuma ya meno. Jirani alinisikia akasimama mlangoni. "Mama, uko sawa? Unaongea na nani?"

"Niko sawa. Nasoma."

Asubuhi moja ukurasa ukashuka. Nikasema tena, ukashuka tena. Nilipiga kelele peke yangu. Kisha nikauliza swali langu la siri. Nambari niliyotaja kwanza ilinipeleka kwenye tangazo la magodoro. Nikarudi, nikajaribu nyingine. Mwishowe nikafika kwenye ukurasa wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wenye picha: kunja vidole, vitanue, gusisha kidole gumba na kila kidole. Na hayo, aliandika, unaweza kuyafanya ukiwa bado na plasta, mradi umuulize daktari wako.

Niliporudi kliniki Thika nilimwonyesha muuguzi mazoezi hayo.

"Ni hayo hayo," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Nimesoma kwenye simu."

Akatazama plasta zangu. "Umeishika na nini?"

"Naiambia."

Alicheka, kisha akanirekebisha zoezi moja nililokuwa nikilifanya vibaya. Nilifanya hayo mazoezi nikila, nikisikiliza redio, nikiuma meno kwa maumivu.

Plasta zilipotolewa, mikono ilikuwa myembamba kama si yangu. Kidole kidogo cha kushoto hadi leo hakikunjiki chote. Lakini nilikaa kwenye cherehani nikapinda pindo la gauni la dada yangu. Lilitoka kombo.

"Acha tu, nitalivaa hivyo," akasema.

"Hulivai hivyo," nikamjibu, nikalifumua, nikaanza upya.